Ruti machi na simu ya mama: yale usoambiwa kabla ya kupanda boti

Kila mwaka majina yakitoka tu, ya fomu siksi wanaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria au ya wale wa kujitolea, au vikosi vyetu vya SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, vikichukua vijana, simu yangu haitulii. Mdogo wake fulani anauliza anunue raba gani, mama yake fulani anauliza ataweza kumpigia mwanawe au ndio basi mpaka amalize, mwengine anauliza ati kweli kwenye ruti machi mnatembezwa usiku kucha. Nshajibu mmoja mmoja mpaka vidole vinauma, leo nkasema wacha niandike yote pahala pamoja, mwenye kuona refu arukie panapomhusu.

Mie wa Pemba, upande wa Wete. Nlikwenda JKT kujitolea, nkapangiwa Mafinga kule Iringa, na mambo mengi ya hapa chini nliyajua kwa kuyakosea kwanza.

Tuanze na begi. Karatasi ya wito ya JKT inataka vitu vya kawaida tu, bukta ya bluu iliyokoza ya mpira kiunoni isokuwa na zipu, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, truksuti, nauli ya kwenda na kurudi, na nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Hapo kwenye nguo za baridi sie watu wa visiwani huwa tunapapita kama hapatuhusu. Mie mama alinipa sweta moja la mtumba na mwenyewe nkaliona zito, nkataka kulirudisha. Mwezi wa saba Mafinga saa kumi na moja alfajiri mko foleni, ukifungua mdomo unatoka moshi kama mvuta sigara, vidole havikunji, na ndio kwanza mnaambiwa mchakamchaka unaanza. Chukua fulana nzito mbili, sweta la maana na kofia ya kuvuta mpaka masikioni, utanikumbuka.

Jengine ambalo wa kwetu wanalidharau ni malaria. Zanzibar miaka mingi sasa maambukizi yako chini ya asilimia 1, kwa hio mtoto wa leo wa Wete au Makunduchi kakua bila ya kuumwa hata mara moja, mwili wake haujui malaria ni kitu gani. Halafu anapangiwa Bulombora kule Kigoma au Ruvu, analala bila chandarua kwa sababu joto, homa ikimpiga anasema ni uchovu wa kwata. Bwana we, ukiwa bara na homa nenda zahanati ya kambi siku hio hio upimwe, usingoje kuonekana unategea. Anokwambia unategea hatokubebea ugonjwa.

Haya, raba na buti. Raba usinunue siku ya mwisho pale Darajani unakimbilia boti. Nunua kama mwezi kabla, ununue jioni, maana jioni mguu umeshatanuka kidogo kwa kutembea kutwa, na uende na soksi zile zile utakazovaa nazo. Ukishavaa simama, mbele ya kidole kikubwa kubaki nafasi ya kama upana wa kidole gumba, kisigino kisipande ukitembea. Halafu vaa. Vaa kwenda dukani, vaa kwenda shamba, anza na nusu saa, baadae saa nzima, baadae masaa mawili na begi mgongoni, tia mchele kilo 5, wiki ya pili tia 8. Watoto wa chuoni kwetu, chuo cha Kurani, walikuwa wakiniona tu wanapiga saluti, wananiita komandoo, nlikuwa naona haya mpaka napita njia ya mabondeni. Lakini mabonde ya Pemba hayo ya kupanda na kushuka ndio mazoezi yenyewe, asokuwa nayo atafute. Buti za jeshi utapewa huko huko, nazo ni ngumu, zile siku za mwanzo za kwata zichukulie ndio za kuzilainisha, usiziweke uzivae siku ya masafa tu.

Sasa ruti machi yenyewe. Ni kutembea masafa marefu na mzigo, kwa mpango, kwa saa, kombania nzima, na unotembea nao si wewe unochagua. Mara nyengine usiku, mara nyengine mvua. Ugumu wake haupo kwenye pumzi kama watu wanavofikiria, pumzi inazoea wiki mbili. Ugumu upo kwenye miguu.

Mguu hauanzi kwa kuuma. Unaanza kwa kuwaka moto, pahala padogo kama sarafu, kisigino au ubavuni mwa kidole gumba. Hapo bado hamna lengelenge, hapo ndio pa kufanya kitu. Utaratibu wa majeshi mengi ni kutembea dakika 50 na kupumzika dakika 10, na pumziko la mwanzo linakuja mapema zaidi ili watu wakaze mikanda na wafunge viatu upya. Pumziko hilo la mwanzo wenzio watajitupa chini wafumbe macho, wewe usilale. Vua kiatu kimoja, kimoja tu si vyote viwili, maana amri ya kuinuka haikungoji na bora ukurupuke na mguu mmoja mtupu kuliko miwili. Futa jasho, pakague, pakianza kuwekundu bandika plasta pana isokunjamana, kingo zake zizunguke nje ya pale panapowaka, vuta soksi isiwe na mkunjo hata mmoja, funga kamba. Halafu mguu wa pili. Dakika 4 zimekwisha, zilizobaki kunywa maji na kuweka miguu juu ya begi.

Mie mara ya kwanza niliona haya. Pakaanza kuwaka kama kilomita ya 5, nkasema nikivua kiatu afande ataniona laini, na tena Mpemba, watasema si ndio hawa. Nkaenda nao. Usiku tunafika nimevua soksi imetoka na ngozi ya kisigino, kipande kizima, nyama nyekundu chini yake kama ndani ya pera lilowiva. Mwenzangu mmoja wa Songea akanimiminia maji ya chumvi akanifunga na kitambaa chake cha kichwa safi alokuwa anakiweka kwa kwendea kanisani. Sijamsahau mpaka leo. Kesho yake kutembea kilomita 18 nyengine kama kuku wa kuchechemea, na afande nlokuwa namuonea haya akanambia mbona hukusema, dawa zipo.

Likishatoka lengelenge lililojaa maji, usilichune. Ile ngozi ya juu ndio bandeji yenyewe. Chukua sindano ya kushonea, ipitishe kwenye spiriti au moto wa kibiriti mpaka iwe nyekundu uiache ipoe, toboa pembeni chini kabisa, kamua taratibu kwa kitambaa safi, ngozi iache ilale pale pale, bandika. Likiwa dogo na haliumi liache kabisa. Likiwa na usaha au wekundu unapanda mguuni, hio si ya sindano yako, ni ya daktari.

Kucha zikate siku 2 kabla, zikate moja kwa moja, usizungushe pembe zikaja kuchoma nyama. Soksi vaa mbili, nyembamba ndani nene nje, zisuguane zenyewe kwa zenyewe zikuachie ngozi yako. Na uwe na jozi kavu ndani ya mfuko wa nailoni, hio jozi ni ya kulala na ya dharura, usiitie tamaa. Usiku miguu ioshe, ikaushe kila baina ya kidole na kidole, tia poda. Bibi yangu akinisisitiza mafuta ya nazi, na kweli yanalainisha, ila yapake usiku, asubuhi ukiyapaka mguu unateleza ndani ya kiatu unakuwa umejikata mwenyewe. Mafuta ya karafuu usithubutu kupaka penye jeraha, utaruka mpaka Makambako. Mapajani paka vaselini kabla ya kutoka, wanaume na wanawake, hili watu wanaona aibu kulisema lakini kuchubuka mapaja kumewashusha wengi kuliko milima.

Mzigo ni robo mpaka theluthi ya uzito wako, zaidi ya hapo unatembea kwa deni. Kizito kikae juu na kigusane na mgongo, laini chini, kitu kinogonga gonga kitoe au kifunge maana kitakugonga mara 10,000 mpaka alfajiri.

Maji kunywa kidogo kidogo kila pumziko, juani wastani wa nusu lita mpaka lita kwa saa, usingoje kiu na usijaze tumbo maji matupu masaa na masaa bila chumvi, nayo yanaangusha mtu. Ya kutengeneza mwenyewe ni lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Na mwenzio akianza kusema maneno yasoeleweka, anayumba, ngozi inawaka, huyo si mlevi wala hategei, mtoe juani, mvue shati, mmwagie maji, mpepeeni, na daktari aitwe hapo hapo. Watu wanakufa kwa joto huku wenzao wanawacheka.

Chenja, zile nyimbo za kutembelea, imbeni. Ukiona huwezi kuimba na kutembea pamoja, mwendo umekushinda, punguza hatua uifupishe, usiirefushe ati ufike haraka.

Kuhusu swala, maana hili naulizwa na kila mama wa Kizanzibari kabla hata ya kuuliza chakula. Safari ikiwa ndefu ile inotimiza masafa ya kisheria unafupisha, adhuhuri, alasiri na isha zinakuwa rakaa mbili mbili, na unaweza kukusanya adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Maji hayatoshi ya kutawadha kuna kutayamamu. Buti likiwa limefunika kifundo na ulilivaa ukiwa na udhu unapaka maji juu yake, msafiri ana siku 3 na usiku wake, mkaazi siku 1 na usiku wake. Masharti yake kamuulize ustadhi wako kabla hujaondoka, akuoneshe kwa vitendo na kiatu mkononi, usiende ukajifunzia huko gizani. Mie nlimwambia kiongozi wangu wa seksheni mapema, afande naomba dakika 5 kwenye pumziko la saa saba, hakuna alonikatalia hata siku moja. Wanokataliwa wengi ni wale wanopotea kimya kimya halafu wanasema walikuwa wanaswali.

Sasa nyumbani, na hapa ndio panapotesa watu kuliko kisigino.

Ami yangu alikwenda vita vya Kagera. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, wetu wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na sehemu kubwa ya njia ile waliikata kwa miguu, kutoka mpakani Mutukula kupitia Masaka mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Hakuna simu, barua tu, na barua inafika ikitaka. Bibi yangu, mamaake, hakusoma skuli, alisoma chuoni, akijua herufi za Kiarabu peke yake. Barua za wanajeshi wengine zikifika kijijini zilikuwa zinapelekwa kwa mwalimu wa skuli asome, mtaa mzima umekaa barazani unasikiliza. Ami akiandika Kiswahili chetu hichi hichi kwa herufi za Kiarabu, bibi anaichukua anajifungia chumbani anaisoma mwenyewe kwa kidole.

Moja ya barua zile nimewahi kuishika. Karatasi ya daftari ya mistari, imekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imekatika, wino wa bluu umekuwa kama maji. Mistari sita. Salamu, mie mzima, nakula, miguu inauma kidogo, yule ng'ombe mweupe asiuzwe mpaka nirudi, niombeeni dua. Basi. Hamna yuko wapi, hamna wako wangapi, hamna wanaelekea wapi, hamna alichokiona. Lakini bibi mpaka uzee wake alikuwa akisema, siku nlosoma habari ya ng'ombe ndio nlolala usingizi, maana mtu anofikiria ng'ombe anafikiria kurudi.

Mie nikaja kuandika barua zangu na meseji zangu zote kwa kipimo hicho. Mzima, nakula, uongo usiuweke lakini maumivu yataje kwa udogo wake, na jambo moja la nyumbani ambalo unalitolea rai. Paa la jikoni mmeezeka? Karafuu za mkarafuu wa nyuma zimetoka? Mdogo wangu kafanya mtihani vipi? Mtu wa nyumbani anataka kuona bado upo kwenye maisha yake, kwata zako hazijui na hazimsaidii.

Ila kabla ya barua kuna kikao, na kikao hicho mkifanye kabla hujapanda boti, usiku mmoja, wote mpo. Kuruta, yaani alo bado mafunzoni, simu hana. Miezi ile ya mwanzo simu inakaa mbali na wewe, na hata baadae ukiwa nayo mkitoka porini mnaweza kukaa wiki bila mtandao wala chaji. Kwa hio waambie kwa mdomo wako: mkikaa wiki tatu hamjanisikia, ni kawaida, msipige mbio. Wiki sita, mtu mmoja, mmoja tu, aulize. Mtu huyo mumchague hapo hapo, na asiwe mama. Nisameheni kina mama, lakini awe mtu alotulia, dada mkubwa, mjomba, anoweza kupokea khabari akakaa nayo dakika 10 kabla hajaisema. Kwangu alikuwa dada yangu wa Chake Chake. Ukifika kambini, barua yako ya kwanza mtumie anwani ya kambi, S.L.P. yake, na jina la kikosi kama mnavyoambiwa muandike, aiandike kwenye karatasi aibandike nyuma ya mlango, siyo aiweke kwenye simu tu halafu simu idumbukie ndooni.

Na muamue khabari gani uambiwe na gani usubirishwe. Hili sie hatukulifanya. Bibi yangu huyo huyo wa barua alifariki mie niko porini kwenye zoezi. Nyumbani wakaonana, wakasema asiambiwe, atachanganyikiwa, amalize kwanza. Nia yao njema. Nkatoka porini, Jumapili nikapata simu dakika chache, nkapiga, nkawasalimu wote, nkasema mpeni bibi. Mama akasema kalala. Saa tisa mchana bibi hajawahi kulala maisha yake. Nkajua, na yeye akajua kuwa nimejua, na hakuna alosema kitu, tukaendelea kuongea habari ya mvua. Nlikuja kuambiwa wiki mbili baadae. Kwa hio mie nasema, kila mtu achague mwenyewe na akichagua isemwe wazi: mimi niambieni siku hio hio hata kama sitoweza kuja, au mimi ningojesheni mpaka nimalize. Yote mawili sawa. Kisichofaa ni watu kukuamulia halafu ukaisikia kwenye sauti.

Dakika zako za simu zipangie. Sie Wazanzibari salamu peke yake zinakula bando, hujambo, wazima huko, wenzio wazima, hali za huko, alhamdulillahi, na huko kwengine, ukishtukia dakika 3 zimekwisha hujasema kitu na nyuma yako foleni ya watu 20 wanakunyanyukia. Andika vitu vitatu kwenye kikaratasi kabla. Mpigie yule mtu wako kwanza, awe ameshawakusanya, simu iwe kwenye spika. Mama akikuuliza umekula, jibu umekula nini, si "ndio mama". Ugali na maharage, na siku ya Jumapili nyama. Akijua ulichokula moyo unatua.

Wenye watoto wadogo, warekodieni voisi kabla ya kuondoka, fupi fupi, hadithi ya sungura, dua ya kulala, jina la mtoto litajwe. Jamaa yangu mmoja alikwenda Kongo na mwanawe wa miaka mitatu, mkewe kila usiku anapiga ile voisi, mtoto anajibu. Aliporudi mtoto hakumkimbia.

Nimetaja Kongo, basi hapo kuna ya kwake. Tanzania ina wanajeshi kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kule mashariki ya Kongo tangu 2013, na kule saa ziko nyuma yetu kwa saa moja, ukimpigia saa tatu za usiku za Unguja kwake ni saa mbili, msimuamshe alfajiri kwa swala yenu. Disemba 2017 walipovamiwa na kuuliwa askari wetu Semuliki, kule Kivu ya Kaskazini, magrupu ya Whatsapp yalijaa majina na picha kabla familia hazijaambiwa kitu. Yule jamaa yangu alikuwa pahala pengine kabisa lakini kwao walikaa siku mbili hawali. Ukitumiwa orodha usiisambaze. Taarifa ya kweli inakuja na watu mpaka mlangoni, haiji kwenye grupu la harusi.

Na wewe ulioko huko, picha usiweke stetasi. Picha ya mlima nyuma inasema uko wapi, "kesho tunahama" inasema zaidi. Ami kwa mistari sita hakutaja hata jina la kijiji kimoja.

Matapeli nao wanajua mna mtoto jeshini. Watapiga, mimi afande fulani, mwanenu kaanguka ruti machi, yuko hospitali, tumeni laki mbili kwa namba hii haraka. Kambi haiombi hela za matibabu kwa simu. Wekeni neno la siri, jina la paka wenu wa zamani au la mbuzi alowahi kumng'ata mjomba, asolijua mkate simu, hata kama analia. Wapo pia wale wa nipe kitu kidogo nikuingizie kijana JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la kwetu Zanzibar, hao wapiteni tu.

Hela: ukiwa na posho kabla hujaondoka muelewane nani anapokea, kiasi gani, cha nini. Laini yako isajiliwe kwa jina lako, usiiache ikakaa muda mrefu haijatumika ikafungwa na vijisenti ndani, na namba ya siri usimwachie mdogo wako wa miaka 17 hata akiapa.

Kifurushi kutoka Pemba, msitume mkate wa kumimina. Nawaomba. Boti ya bandari ya Mkoani mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, basi la Mbezi mpaka Iringa, ukifika una rangi ya kijani. Visheti, kashata kavu, tende, halua ya kwenye kikapu, achari msitie kwenye chupa ya gilasi. Na mtume nyingi au msitume, hanga zima, bweni lenu la kambini, litajua kwa harufu, mie visheti vya mama vya mwezi mzima vilikwisha dakika 7, yule wa Songea alikula 9.

Ukimaliza na unarudi, usifanye sapraizi. Vijana siku hizi wanapenda kurekodi mama analia. Piga simu ukiwa bandarini Malindi, Unguja, unangojea boti ya Pemba, mama apate muda wa kutia maji kwenye mchele na kutuma mtu akatafute pweza, na aoge, avae kanga anayoitaka yeye. Buti zivue nje, zimwagie maji kabla hazijaingia, na miguu usimuoneshe siku ya kwanza.